Alama ya Pasi

Kochi la watu watatu lilikwama mlangoni, nusu ndani, nusu uani, kama mgeni asiye na hakika kama amekaribishwa. Ilikuwa saa mbili asubuhi. Afisa wa ustawi wa jamii alikuwa amesema atafika saa nne kuikagua nyumba.

"Liinamishe kushoto," alisema Kinyozi, aliyeshika upande wa nje. "Kushoto kwako wewe, siyo kwa kochi."

"Kochi nalo lina kushoto?" Mama Pasi aliuliza kutoka ndani, bega limebanwa ukutani.

"Leo lina kushoto, lina kulia, na lina haki zake zote. Sukuma."

Mjane wa Seremala, mwenye kochi, alisimama pembeni, mikono kiunoni, akiangalia mali ya marehemu mumewe inavyokwaruzwa na fremu ya mlango wa watu. Alishazoea. Seti ile, kochi moja refu na mawili ya mtu mmoja mmoja, yote ya kitambaa cha kijani, ndiyo ilikuwa seti pekee katika ua mzima wa vyumba tisa, na haikuwahi kumaliza mwezi ikiwa mahali pamoja. Wakija watu wa posa, makochi yanahamia kwa binti. Akija shemeji mwenye mdomo mrefu, yanahamia kwa yule anayesemwa. Mwaka mmoja mpangaji wa chumba cha tano aliugua sana, makochi yakapelekwa kwake ili wanaokuja kumwona wapate pa kukaa. Akapona. Watu wakasema dawa ilikuwa kochi. Hakuna aliyewahi kuuita mtindo huo uongo. Mgeni hukalishwa, na pa kumkalisha hutafutwa.

Kochi likaingia, likaungana na yale mawili madogo yaliyotangulia, yakakimeza chumba. Ilibaki njia ya kupita mtu mmoja, tena akiwa ameshikilia pumzi.

"Sasa tutapitia wapi?" aliuliza Mama Pasi.

"Mtapita juu kwa juu," Kinyozi akasema. "La muhimu ni serikali ipate pa kuweka makalio yake."

Kifungo akacheka nyuma ya pazia. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, miguu mirefu kuliko sketi yake, na kicheko cha kukwaruza kama cha mtu mzima aliyeamka sasa hivi. Alitoka akiwa amebeba kitambaa cheupe cha kufuma, akakitandika kwenye mkono wa kulia wa kochi refu, akakivuta kila pembe hadi kikakaa sawa.

Chini ya kitambaa kile kulikuwa na alama: nyeusi, pana nyuma, yenye ncha mbele. Alama ya pasi. Mama Pasi ndiye aliyeiweka, miaka sita nyuma, zamu ya makochi ilipokuwa kwake. Kifungo alidondoka kizingitini, na yeye akaituliza pasi ya mkaa kwenye kitu cha karibu ili akamwinue. Mjane wa Seremala hakumsemesha kwa wiki nzima. Siku ya nane alimletea mapazia ayapige pasi, na huo ukawa mwisho wa ugomvi.

Kifungo hakuzaliwa na Mama Pasi. Kila mtu uani alilijua hilo, Kifungo akiwa wa kwanza. Mama aliyemzaa alikuwa msichana mmoja mwembamba aliyepanga chumba cha nne kwa miezi miwili. Mchana mmoja alimletea Mama Pasi blauzi ya kunyoosha, akagundua imepungua kifungo kimoja kifuani. "Nishikie mtoto, dada. Nafika hapo dukani kununua kifungo." Mtoto alikuwa na wiki tatu. Blauzi ilipigwa pasi, ikakunjwa, ikangoja. Ilikuwa bado inangoja, ndani ya mfuko, chini ya nguo za Kifungo.

Kwa miaka kumi na moja hakuna aliyeulizia. Kisha mwalimu mkuu akamwita Mama Pasi shuleni. Mwakani watoto wa darasa lile wangeandikishwa kwa mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na kila anayeandikishwa alitakiwa awe na cheti cha kuzaliwa. Bila cheti hakuna namba, na bila namba hakuna mtihani.

"Mtoto wa kwanza darasani," mwalimu mkuu alisema, kama anayemlaumu. "Mkatafute hiyo karatasi."

Kinyozi alikuwa na jibu tayari. Alimjua dalali wa vyeti. "Siku tatu tu, unakuwa umemzaa. Uchungu huusikii, mkunga humwoni. Yule bwana amezaa watoto wengi kuliko hospitali."

"Sitaki," alisema Mama Pasi.

"Kila mtu anafanya hivyo."

"Siku akiniuliza nilimzalia wapi, nimwonyeshe muhuri wa dalali? Nataka karatasi inayosema kilichotokea. Mama yake aliondoka, mimi nikabaki. Basi. Ni maneno mangapi hayo?"

Yalikuwa mengi kuliko alivyodhani. Afisa wa ustawi wa jamii alimweleza kwa haraka, akihesabu kwa vidole, na Mama Pasi akayashika kwa njia pekee aliyoijua, kama shati. Kola: barua ya ofisi ya mtaa. Mabega: ripoti ya polisi kwamba mtoto aliachwa. Mikono: tangazo la kumtafuta mama mzazi, na siku za kungoja asitokee. Mgongo: kukaguliwa nyumba. Halafu kibali cha kukaa na mtoto, miezi sita ya kuangaliwa na kibali hicho mkononi, na mwisho kabisa, vifungo vyote vikishafungwa, hakimu. Hapo ndipo mtoto anakuwa ameasiliwa, na cheti kinatoka na jina lako.

"Ukirukia mbele kabla ya kola, shati linaharibika," Kifungo alimkumbusha njiani.

"Nani alikufundisha hayo?"

"Mwanamke mmoja hivi. Ana kelele."

Kola ilichukua wiki mbili. Mabega yalichukua miezi miwili. Askari wa zamu alimtazama kwa muda mrefu.

"Mtoto aliachwa lini?"

"Miaka kumi na moja iliyopita, afande."

"Na leo ndiyo umekumbuka kuripoti."

"Nilikuwa namlea, afande."

"Kwa hiyo ulikuwa na mtoto wa watu, kimya, miaka kumi na moja." Aliifunga kalamu. "Unafanya kazi gani?"

"Napiga pasi."

Askari akaitazama suruali yake mwenyewe, magoti yake yaliyojikunja kama ngozi ya tembo. Kesho yake Mama Pasi aliondoka kituoni na sare mbili kwenye mfuko, na wiki iliyofuata tatu, na baadaye za wenzake pia. Wiki ya tisa muhuri ukapatikana. Ulikuwa mezani muda wote, chini ya gazeti.

Mikono nayo ikapita: tangazo likatoka, siku zikaisha, mama mzazi hakutokea. Kisha afisa akasema mtoto anatakiwa awe na kitanda chake. Mama Pasi alikuwa na meza moja, meza ya kazi, ndefu, ya mbao nzito. Aliipeleka kwa fundi, ikarudi kitanda. Tangu siku hiyo alipiga pasi sakafuni, juu ya blanketi, akiwa amepiga magoti. Wateja wakimkuta hivyo walinyamaza kwanza, wakidhani anasali.

Afisa hakuja saa nne. Alikuja saa saba na nusu, jua likiwa limesimama juu ya bati. Tangu asubuhi hakuna aliyekaa kwenye kochi, lisije likaonekana limekaliwa. Mama Pasi na Kifungo walikuwa wamesimama muda wote kama watu wanaongoja kupigwa picha.

"Shikamoo," Mama Pasi akasema, na neno likishamtoka ndipo alipokumbuka kwamba yeye ndiye mkubwa, kwa miaka kama kumi na mitano hivi.

"Marahaba," afisa akaitikia, akitafuta kalamu kwenye mkoba.

Hakuwa mtu mbaya. Viatu vyake vilikuwa vimelika upande mmoja, na mafaili aliyobeba yalikuwa mengi hadi ameyafunga kamba. Alikaa kwenye kochi kwa mguno wa shukrani. Akapanga mafaili yake juu ya mkono wa kochi, juu ya kitambaa cheupe.

"Una mume?"

"Alikuwepo."

"Amefariki?"

"Ameoa."

Afisa akaandika. "Vyumba vingapi?"

"Ndicho hiki."

"Mtoto analala wapi?"

Kifungo akavuta pazia. Afisa akaenda, akainua godoro kwa vidole viwili, akatazama. Mbao za chaga zilikuwa zimejaa alama nyeusi, ndogo na kubwa, nyingine juu ya nyingine, miaka ya alama.

"Kimeungua?"

"Ilikuwa meza yangu ya kazi, Bi Afisa. Nimeibadilisha."

"Sawa." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesikia mambo mengi. Alirudi kwenye kochi, akachukua faili la juu, na faili likavuta kitambaa. Kitambaa kikaanguka chini polepole, bila haraka yoyote.

Afisa aliitazama alama ile. Akaweka kidole juu yake, akakipitisha kuanzia upande mpana hadi kwenye ncha.

Mlangoni Mjane wa Seremala alikuwa amesimama na glasi ya maji juu ya sahani, hajui aingie au arudi.

"Haya makochi ni yako?"

Lilikuwa rahisi kuliko swali la mume. Mama Pasi alimwona Kinyozi nyuma ya mjane, akitikisa kichwa chini na juu kama mtu anayemfundisha mtoto kula.

"Ni yangu," akasema.

Kifungo aligeuka, akamwangalia. Hakuwa amewahi kumsikia akisema uongo, na sasa alionekana kama anayeusikiliza mlio wa kitu kipya ndani ya nyumba.

"Na wewe," afisa akamwambia mtoto, "mmekuwa nayo muda mrefu?"

"Tangu nikiwa mdogo nayakalia," Kifungo akajibu.

Lilikuwa jibu la kweli, kila neno. Afisa aliandika kwa muda mrefu. Alikunywa maji yote, akashukuru, akaondoka na kamba yake ya mafaili.

"Ameandika sana," Kinyozi alisema, wakiyatoa makochi. "Hiyo ni dalili nzuri. Watu wa ofisini hawapotezi wino."

Wiki tatu baadaye Mama Pasi aliitwa. Alimkuta afisa nyuma ya meza iliyowekewa gazeti lililokunjwa chini ya mguu mmoja ili isicheze. Dirisha halikuwa na kioo, lilikuwa na kadibodi.

"Nitakusomea," afisa akasema, "maana ni haki yako kusikia." Akasoma bila kupandisha wala kushusha sauti. "Samani zilizoonekana katika makazi ya mwombaji si zake. Afisa huyu alishakalia kochi hilohilo, lenye alama hiyohiyo ya kuungua mkono wa kulia, katika chumba cha pili cha ua huohuo mwaka juzi, na katika chumba cha saba mwaka huu, katika shauri la kinyozi na mtoto wa marehemu kaka yake. Mwombaji alipoulizwa, alidai ni mali yake. Kwa sababu hiyo, maelezo mengine ya mwombaji, pamoja na ya namna alivyompata mtoto, hayawezi kutegemewa."

Mama Pasi alisubiri. Alidhani kuna ukurasa mwingine.

"Kinyozi mlimpa mtoto?"

"Kinyozi nilimuuliza kama ana pa kulala mtoto. Makochi sikumuuliza, sikuwa nimeanza kuyajua. Kwako ilikuwa mara ya tatu."

"Kitanda ni changu," Mama Pasi akasema.

"Ndivyo ulivyosema na makochi."

"Kile ni changu. Zile alama umeziona mwenyewe. Ile ni meza yangu."

"Niliona mbao zilizoungua, mama. Na kochi lililoungua. Unaona inavyokuwa?"

"Ningekwambia siyo yangu, ungeandikaje?"

Afisa alifikiri kwa uaminifu. "Ningeandika, makazi hayana samani za kutosha."

"Kwa hiyo nilitakiwa nijibu nini?"

Nje mtu wa foleni alikuwa akigonga mlango, na afisa akamwambia angoje. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi. Blauzi yenyewe, Mama Pasi aliona, ilipigwa pasi vibaya, kola imeachwa hadi mwisho.

"Fomu sikuitunga mimi," afisa akasema. "Sasa nisikilize. Shauri halijafa. Unaweza kuomba upya baada ya mwaka. Ila mtoto hawezi kubaki kwako, maana sasa limeshaandikwa kwamba yuko kwa mtu asiye na kibali. Kabla hujaja hapa alikuwa hajaandikwa popote. Atapelekwa makao ya watoto."

"Amekaa kwangu miaka kumi na moja."

"Hiyo haihesabiki. Muda unaanza siku ya kibali, na kibali hukuwa nacho. Kisheria mtoto huyu hajawahi kukaa kwako."

"Alikuwa anakaa wapi?"

"Kisheria?" Afisa akarudisha miwani, akafunua karatasi ya kwanza, ya pili, akarudi ya kwanza. "Haijaandikwa."

Walikuja Jumatano asubuhi, afisa na askari. Alikuwa askari yuleyule. Mikunjo ya suruali yake ilisimama kama makali ya kisu. Mama Pasi aliitambua kazi ya mkono wake kabla hajaitambua sura ya askari. Askari naye alimtambua, akatazama mfereji wa maji machafu uliopita katikati ya ua kana kwamba ndio aliotumwa kuukamata.

"Nguo mbili za kubadilisha, madaftari, basi," afisa alisema. "Vingine vipo kule."

Kifungo alipanga mwenyewe. Alikunja kila kitu pembe kwa pembe, jinsi alivyofundishwa, mikono ndani, kola juu. Hakulia. Aliuliza swali moja, na alimuuliza Mama Pasi, siyo afisa.

"Nitakuwa nimerudi kabla ya mtihani?"

Mama Pasi alifungua mdomo. Mtu wa mwisho kuahidi kurudi katika chumba kile alikuwa amekwenda kununua kifungo. Aliufunga.

"Ukifika kule usome," akasema.

Kinyozi alitoka na mkasi mkononi, mteja kamwacha kichwa nusu. "Kifungo, kule wakikunyoa kwa wembe butu niite nije niwakamate," alisema, na hakuna aliyecheka, hata yeye. Mtoto wa marehemu kaka yake alikuwa amejificha nyuma ya mguu wake, ameshika suruali.

Chini ya nguo, ndani ya mfuko wake, Kifungo alikuta ile blauzi ya zamani, iliyopungua kifungo kimoja. Aliitoa, akaitazama, akamkabidhi Mama Pasi.

"Nishikie," akasema.

Kwenye makao ya watoto kulikuwa na geti, na getini daftari. Siku ya wageni ilikuwa Jumapili. Mlinzi alimwonyesha pa kuandika: jina, muda wa kufika, uhusiano na mtoto. Mama Pasi alishika kalamu hadi mlinzi akakohoa.

"Ndugu?"

"Nimemlea."

"Hiyo haipo. Ndugu, au mfadhili, au watu wa dini." Aliuvuta kidogo ukurasa. "Nikikuandika ndugu, wakati faili linasema si ndugu, kibarua changu kinaota nyasi. Nenda kalete barua ya ustawi, mama."

Barua ya ustawi ilihitaji namba ya shauri lililo hai. Lake lilikuwa limesimama kwa mwaka. Alikwenda Jumapili nne, akasimama upande wa pili wa barabara, mahali ambapo ukuta ulikuwa mfupi. Alisikia watoto. Hakuweza kujua yupi ni yupi, isipokuwa mara moja, aliposikia kicheko cha kukwaruza. Kilikatika haraka, kama cha mtu aliyekumbushwa alipo.

Mwezi wa tatu tangu Kifungo achukuliwe, umeme ulikatika mtaa mzima, siku mbili mfululizo. Alasiri ya siku ya pili aliingia uani mwanamke mnene, mwenye uso mwema na jasho jingi, akiburuta furushi kubwa lililofungwa kwa shuka.

"Hodi jamani. Nimeambiwa hapa yupo mtu mwenye pasi ya mkaa."

"Ndiye huyo," Kinyozi akaonyesha kwa chanuo.

Alikuwa mfuaji wa makao ya watoto. Pasi yao ilikuwa ya umeme, kesho asubuhi walikuwa na wageni wakubwa, na magauni yote yamekunjika. Mjane wa Seremala alimtazama anavyohema, akaingia kwake, na yeye na Kinyozi wakalitoa kochi la mtu mmoja, wakaliweka kivulini. Mgeni hukalishwa. Mfuaji akakaa, akashukuru, akaanza kujipepea na kuongea kupitia mlango ulio wazi.

Mama Pasi alilikunja godoro la Kifungo, akalisimamisha ukutani, akatandika blanketi juu ya chaga. Kitanda kikawa tena meza. Aliijaza pasi mkaa, akaipepea, akangoja wekundu ushike. Kisha akafungua furushi.

Magauni yalikuwa ya buluu, sawasawa yote. Badala ya jina, kila moja lilikuwa na namba iliyoshonwa ndani ya kola. Alianza. Tatu. Kumi na mbili. Saba.

"Wewe unajua kazi," mfuaji alisema kutoka nje. "Tunaye mtoto mmoja kule mkono wake kama wako. Anakunja nguo unadhani imetoka kiwandani. Nikamuuliza nani kakufundisha, akasema, mwanamke mmoja hivi, ana kelele."

Pasi ilisimama, ikaendelea.

"Mtoto gani huyo?" aliuliza Mama Pasi.

"Namba kumi na tisa. Ana bahati, huyo. Hawa wanaokuja kesho wanamtaka yeye. Mke na mume, nyumba ya ghorofa, makochi sebule nzima, hata mengine hayakaliwi. Afisa alikwenda kukagua, akarudi siku hiyohiyo, ripoti imejaa. Kwa kawaida watu wanataka vichanga, lakini hawa walisema waziwazi, wanataka mkubwa kidogo. Wana mapacha wadogo. Wanataka ambaye ameshajua kufua, kupiga pasi, kushika mtoto."

"Na mtihani?"

"Mtihani upi?"

"Wa darasa la mwisho. Cheti chake."

"Aa, cheti kilitoka zamani, kwa makao hakikawii. Kwenye mama wameandika hajulikani. Lakini mtihani wa nini tena, dada yangu? Anapata familia." Akacheka kidogo, kwa wema. "Hilo gauni lake utalitambua, ndilo jipya. Lipige vizuri, ndilo atakalovaa kuonekana."

Lilikuwa chini kabisa. Mama Pasi alilitandaza juu ya mbao za meza yake. Lilikuwa na mkanda wa kufunga nyuma na vifungo vitano mbele, vyote vipo. Aligeuza kola, akaisoma namba. Akapiga kola kwanza. Mabega. Mikono, mmoja, wa pili, umekuwa mrefu, amekua. Akageuza, akapiga mgongo. Akageuza tena, akalinyoosha kifuani kwa kiganja, mahali ambapo jicho la mgeni hufika kwanza.

Akaishusha pasi pale, katikati.

Nje mfuaji alikuwa ameegemea, mkono wake wa kulia umelala juu ya kitambaa cha kijani. Kinyozi alikuwa akisema kitu kuhusu kichwa cha mteja. Ndani mkaa ulilia kidogo na kunyamaza. Mama Pasi alikuwa amesimama wima, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, uzito wote wa mkono wake ukiwa juu ya mpini, na mkono haukwenda mbele wala haukurudi nyuma. Harufu ikaanza. Ni ile anayoijua kila mpiga pasi, inayotangulia moshi, inayosema bado kuna muda wa kuinua.

"Tayari?" mfuaji akaita.

"Bado," akasema Mama Pasi.